Goya na Jamaa ya Mfalme

Mchoraji wa mfalme hula chumvi ya mtu yule yule anayemtazama. Akimpamba, wajuzi watamcheka. Akimchora alivyo, yamkini riziki yake itakatika. Juu ya shida hiyo Lion Feuchtwanger aliijenga riwaya yake ya Francisco Goya, iliyotolewa kwa Kijerumani mwaka 1951.

Feuchtwanger hakuyajua madaraka kwa kusikia. Vitabu vyake vilichomwa moto Ujerumani mwaka 1933, naye akavuliwa uraia mwaka huo huo. Tangu 1940 alikaa Marekani mpaka alipofariki mwaka 1958. Si ajabu basi kwamba Goya wake hujifunza, polepole na kwa uchungu, kuwaona watawala walivyo. Msaidizi wake, Agustín Esteve, humhimiza atazame yanayotendeka nchini. Uziwi uliompata kwa maradhi ya 1792 na 1793 humziba masikio na kumfumbua macho. Mapenzi yake na Bibi wa Alba, ambayo wanahistoria hawajayathibitisha, humtesa kurasa nyingi, pengine nyingi kupita kiasi. Kila sura humalizika kwa mistari ya shairi, aghalabu ya mizani nane. Msomaji wa tenzi ataitambua hesabu hiyo, ingawa sikio lake litangojea kina kisichokuja.

Lakini moyo wa kitabu ni picha ya jamaa ya Carlos IV, ambayo Goya aliianza mwaka 1800 na ambayo sasa imo katika makumbusho ya Prado, Madrid. Turubai lake lina urefu wa karibu mita 2.8 na upana wa karibu mita 3.4. Ndani yake wamesimama watu 13 wa ukoo wa mfalme, wameng'aa kwa hariri, nishani na vito. Katikati hakukaa mfalme, bali Malkia María Luisa, mikono wazi, kichwa juu. María Josefa, dada wa mfalme, ana kibandiko cheusi penye kipaji. Bibi mmoja amegeuza uso asionekane. Husemwa kwamba huyo ni mchumba wa mrithi wa kiti, naye mchumba alikuwa hajachaguliwa bado. Mzaha mmoja wa zamani huwafananisha wote na jamaa ya mwenye duka aliyeokota bahati.

Watu wengi huiita picha hii dhihaka, na riwaya huwatia nguvu. Hapo yafaa kusita. Goya alikwenda Aranjuez mwaka 1800 akawachora mmoja mmoja kwanza, kisha ndipo alipowakusanya katika turubai kubwa. Walikaa mbele yake kwa hiari yao na kuziona sura zao zikitokea katika rangi. Ni vigumu kusadiki kwamba mtu hutukanwa kwa siri na picha aliyoikalia mchana kweupe. Waliojiona wateule wa Mungu hawakuwa na haja ya kupambwa. Uzuri ulikuwa haja ya watu wadogo.

Tena Goya mwenyewe hakuwa adui wa kiti. Mwezi wa Oktoba 1799 alifanywa mchoraji wa kwanza wa mfalme, kwa mshahara wa reale 50,000 kwa mwaka, na cheo hicho alikitamani sana. Mwaka huo huo aliuza michoro yake 80 ya chapa iitwayo Caprichos, yenye kuwachoma makasisi, mabibi na wakubwa, kisha akaiondoa sokoni upesi. Mwaka 1803 alimpa mfalme vibao vya shaba pamoja na nakala 240 zilizobaki, mwanawe Javier akapata posho. Mkono uliochora kejeli ndio uliozikabidhi kejeli hizo kwa mfalme. Feuchtwanger huandika vizuri kuliko popote anapouacha mkono huo ufanye kazi zote mbili, bila kuuhukumu. Anapotaka kumfanya Goya shahidi wa mapinduzi, picha hulemewa na mzigo usio wake.

Na katika picha hiyo yumo mtu wa 14. Kushoto, gizani, nyuma ya jamaa nzima, Goya amesimama penye turubai lake, kama Velázquez alivyojichora mwaka 1656. Lakini Velázquez aliwaelekea mfalme na malkia, ambao sura zao huonekana katika kioo. Goya yuko nyuma ya wake: mahali aliposimama asingeweza kuona hata uso mmoja.