Futi Moja na Nusu

Mei 7
Upepo tangu alfajiri. Nimelizunguka konde lote kwa miguu. Nyasi zimechipua, kijani kibichi, zinafika juu ya buti. Dawa ya kuua nyasi ingeshika vizuri sasa hivi. Mzee, mwenye konde, alisema tuanze kupiga Jumatatu.

Halafu kwale wa mbugani akaruka karibu na mguu wangu, nikaganda. Chini ya shina la nyasi kavu za mwaka jana: mayai 11, rangi ya chai ya maziwa, na vidoa vidogo. Nimeyahesabu mara mbili. Sikuyagusa.

Mei 8
Nimemwomba Mzee tungoje vifaranga watoke. Alinyamaza weee, kisha akasema konde ni lako mwaka huu. Usingizi hauji.

Juni 19
Kiota kitupu, maganda tu. Nimefurahi mno! Lakini nyasi zimefika magotini, na kila tone linaloanguka zinalinywa zenyewe. Na sasa mavuno ya ngano. Kansas magharibi yote iko juu ya mashine za kuvunia, hakuna trekta wala mtu wa kuazima.

Julai 16
Tumepiga dawa leo. Wiki 10 zimepita. Nyasi zimeshatoa masuke, majani yamejikunja kwa joto. Jani lililojikunja halinywi dawa. Nilijua, nikapiga hivyo hivyo.

Agosti 21
Nimeuchoma udongo kwa kile chuma kirefu cha kupimia unyevu. Ng'ambo ya uzio, kwenye konde lililolala bila mmea tangu mavuno ya mwaka jana, kimezama futi 4 bila kusukumwa sana. Huku kwetu, futi moja na nusu, kikagonga pakavu, kikagoma. Nikahama. Kikagoma. Mahali 9. Mwisho nilikiegemea kwa kifua mpaka kikanichubua.

Jana tulipitisha plau ya visu vipana, ile inayokata mizizi chini na kuacha majani juu. Kuchoma nyasi moto na kuacha udongo wazi, Mzee hataki hata kusikia. Baba yake alikuwa hapa hapa Aprili 14, 1935, vumbi lilipofanya mchana kuwa usiku.

Septemba 25
Tumepanda ngano. Mashine inarukaruka juu ya mashina, mbegu nyingine zimebaki juu juu, nimezifukia kwa buti. Mbolea tumeongeza, maana mizizi inayooza inaishika naitrojeni, ngano ikabaki ya njano.

Mama amepiga simu kutoka Njoro. "Mwanangu, mmepata mvua?" Bado, Mama. Akanyamaza. Ngano anaijua.

Oktoba 14
Imeota mabaka mabaka. Mabondeni kijani, kwingine kweupe. Nimepiga magoti, nimefukua mbegu moja: kavu, ngumu, kama ilivyotoka guniani. Udongo unapita vidoleni kama unga.

Nimemwambia Mzee kuhusu nusu ya kaskazini, ambayo bado ni nyasi. Kumngoja kwale hakukuwa kosa, na sitajuta. Kosa ni kutaka kuua nyasi na kupanda ndani ya mwaka mmoja. Ng'ombe wazile Agosti, zichipue upya, zipigwe dawa Septemba zingali kijani. Kisha ardhi ilale mwaka mzima bila mzizi unaokunywa. Masika kwale akija hatakuta nyasi za kutagia pale, atakwenda zake bondeni ambako zipo.

Hakujibu. Alisimama, akafungua kalenda ya ukutani ukurasa wa mwisho, akaandika kwa herufi kubwa: NG'OMBE, AGOSTI.