Kabla Hujampa Baraka Ufunguo

Kihonda, Morogoro

Mpwa wangu Neema,



Ujumbe wako nimeupata. Mwanao Baraka kamaliza kidato cha sita, katimiza miaka 18, anasoma udereva, na kila jioni macho yake yako kwenye ufunguo wa gari lako. Unauliza umpe au umnyime. Mpe. Ukimnyima atajifunzia kwenye gari la rafiki yake, na huko hutakuwepo. Ila masharti myaongee sasa, bampa ikiwa bado nzima. Na maadamu ana leseni ya kujifunzia tu, vibao vya L vikae kwenye gari na pembeni yake akae mwenye leseni kamili.

Najua umejiandaa kumhubiria mwendo kasi. Mimi ningeanzia kwa abiria. Nimeendesha malori ya Tunduma miaka mingi, nimewaona vijana. Akiwa na utingo mtulivu, kijana anashuka mlima Kitonga taratibu, gia nzito, hana haraka na mtu. Mpakilie wenzake watatu, muziki juu, mmoja anamwambia "ovateki hiyo semi, unaogopa nini?" Hapo humjui tena. Kwa hiyo hata akipata leseni kamili, miezi sita ya kwanza asipakie marafiki. Ampeleke mdogo wake shule, akupeleke wewe sokoni, inatosha. Na saa moja jioni gari liwe limeingia getini, maana giza likianza kuna bodaboda zisizo na taa na watu wanaovuka popote.

Simu ni ya kuzima kabisa. Kwenye makazi mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na kwa mwendo huo gari linakata karibu mita 14 kila sekunde. Akisoma ujumbe kwa sekunde tatu tu, kapita mita zaidi ya 40 bila kuona kitu. Mtoe nje azipime kwa miguu kutoka getini kwenu, aone anaishia duka la nani na watoto wangapi wanacheza hapo katikati. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kinachoua watu wengi zaidi wa umri wa miaka 5 hadi 29 kuliko ajali za barabarani. Baraka yumo humo.

Sasa zamu yenu, wewe na mumeo. Mkanda mnaufunga mkimwona trafiki, mkishampita mnaufungua. Simu mnaishika kwenye foleni ya Ubungo, eti "tumesimama tu". Huyo mtoto yuko kiti cha nyuma tangu yuko chekechea anawatazama. Sharti msiloweza kulishika nyinyi, msimpe.

Kuna sharti moja nakuomba usilipunguze hata kidogo. Siku akiwa amekunywa, au dereva aliyempa lifti amekunywa, apige simu, hata iwe saa nane usiku. Utamfuata, na njiani hutasema neno. Kugomba kupo, kutafanyika kesho yake mchana. Wazazi wengi tunaharibu hapa: mtoto akijua simu yake itajibiwa kwa matusi, anaona heri ajiendee mwenyewe.

Akivunja sharti, ufunguo urudi kwako wiki mbili. Usimtishie mwaka mzima, hutaweza, na yeye anakujua. Akienda vizuri mwongezee: rafiki mmoja, kisha saa moja zaidi.

Halafu waulize watu wa bima kama gari linalindwa akiendesha dereva mgeni kama yeye. Na mafuta achangie, hata ya elfu tano. Mtu anayejaza kwa hela yake hakanyagi ovyo.

Nikija mwezi ujao, kama leseni itakuwa imetoka, atanipeleka Kibaha na kurudi, mchana. Wewe utakaa nyuma, mkanda umefungwa, na ole wako useme "Yesu wangu" kila akishika breki.

Mjomba wako