Wanne kwa Wanne

Pale kijiweni kwetu ukitaja kwamba watoto wanafundishwa mpira kwa kuchezeshwa wanne kwa wanne, lazima mtu acheke. "Hiyo si chandimu tu?" watakuuliza, na anayeuliza ni yuleyule aliyejifunzia mpira wake wote kwenye chandimu, uchochoroni, kati ya ukuta wa choo cha jirani na banda la kuku. Huwa nawaacha wacheke. Lakini leo nimeshika kalamu, na mwenye kalamu hakatizwi maneno, kwa hiyo nitasema.

Kwa msomaji aliyekulia kwenye nyumba za geti, chandimu ni hivi. Mpira ni soksi kuukuu iliyoshindiliwa matambara na mifuko ya nailoni, ikakazwa kwa kamba mpaka ikawa ngumu. Magoli ni mawe mawili huku na mawe mawili kule, hatua tatu. Mkiwa sita mnacheza watatu watatu, akija wa saba anasubiri wa nane. Timu ikifungwa inatoka, wengine wanaingia, kwa hiyo hakuna anayetaka kufungwa. Mpira ule haudundi. Usipoutuliza karibu na mguu umenyang'anywa, na ukibutua unaingia kwenye uwanja wa mama mmoja ambaye ana kisu na hana huruma. Hapo ndipo mtu anajua chenga, anajua tobo, anajua kugongeana na mwenzake na hata kugongeana na ukuta, bila kuambiwa na yeyote kwamba yuko masomoni.

Mimi nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakawa yale ya kukaa nyumbani, nikaanza kuandika riwaya ambayo mpaka sasa ina sura saba na wahusika wengi kuliko daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni. Kocha wa watoto wa mtaa wetu, huku Temeke, akasikia kuna kijana anaandika, akaniita. Hakuitaka riwaya. Alitaka mtu mwenye mwandiko unaosomeka amshikie daftari la mahudhurio. Nikaenda na kaunta buku yangu, mbele riwaya, nyuma watoto, na yeye tangu siku hiyo ananiita "mwandishi" kwa sauti ya mtu anayemtania shemeji yake.

Wakati huo watoto walikuwa wanachezeshwa kumi na mmoja kwa kumi na mmoja, uwanja mzima, kama wakubwa. Miaka tisa, kumi, kumi na moja. Walichokuwa wanafanya sijui kama ni mpira. Kundi zima linaufuata mpira kama nyuki wanaohama, mmoja anabutua, kundi linageuka, linakimbilia kule. Kipa wa upande wa pili amekaa chini anachora kwenye mchanga. Jioni moja kocha akaniambia, "Mwandishi, chagua mtoto mmoja, mhesabie anagusa mpira mara ngapi." Nikamchagua Dogo, mtoto wa mama mdogo, miaka kumi, mwembamba kama kijiti cha kiberiti. Walikuwa wamemweka winga, maana ndipo wanapowekwa watoto wadogo wasiokuwa na wa kuwatetea. Kwa nusu saa nzima aligusa mpira mara sita, na mbili kati ya hizo alikuwa anarusha kwa mikono.

Ukipiga hesabu huwezi kumlaumu. Uwanja wa mita 105 kwa 68 una mita za mraba 7,140. Gawa kwa wachezaji 22, kila mmoja ana kama 325. Mtoto wa miaka kumi umwachie shamba la ukubwa huo alilinde! Halafu mpira ni mmoja. Hata ukisema katika dakika 90 mpira unakuwa mchezoni dakika 60, ukizigawa kwa watu 22 hakuna anayefikisha dakika tatu za kuwa nao. Na hapo nimegawa kwa haki, jambo ambalo uwanjani halipo. Wenye miguu mirefu wanachukua zao na za wenzao.

Tusingebadilika kama tusingenyang'anywa uwanja. Asubuhi moja tukakuta upande wa magharibi umemwagwa tofali na kokoto, wiki iliyofuata uzio wa mabati. Nani alimuuzia nani, serikali ya mtaa wana maneno yao na waliojenga wana karatasi zao, na hayo siyaandiki hapa kwa sababu bado tunaishi nao. Tulibakiwa na nusu, goli moja la miti, na watoto zaidi ya arobaini. Wazee wakasema ndiyo basi tena, timu imekufa. Kocha akapima kwa hatua, 30 kwa 20, akapanga kandambili za watoto wenyewe pembeni kuwa mipaka, akapata viwanja vitatu. Wanne kwa wanne, bila kipa. Wengine wanasubiri dakika nne tu, kisha wanaingia.

Piga hesabu tena. 30 kwa 20 ni mita za mraba 600, watu wanane, kila mmoja 75. Hapo hakuna kujificha. Mpira usipokuwa kwako uko kwa mwenzako hatua tano mbele, na ukipotea ni wewe wa kuurudisha. Nilijaribu kumhesabia Dogo siku ile ya kwanza, nikaacha nilipofika arobaini, maana nilikuwa nakosa kuuangalia mchezo.

Hapa niseme kitu ambacho wale wanaocheka hawakijui. Si kwamba kocha anawamwagia mpira akakaa kivulini anywe kahawa. Kila mchezo mdogo ana sababu yake. Akitaka wajifunze kuangalia pembeni, anaweka magoli manne, mawili kila upande, bila kipa. Mtoto akiona goli la kulia limejaa watu anageuza kwenda la kushoto, na hakuna aliyempigia kelele ageuze. Akitaka waachie mpira haraka, mguso ni miwili tu. Akitaka wajifunze kuzuia, anaweka watatu dhidi ya wawili, na wale wawili ndio anaowasifia. Akiubana uwanja watoto wanapigania mpira na kugeuka sana. Akiupanua wanakimbia sana. Dakika nne za mchezo, mbili za maji, kwa sababu ukiwacha waendelee wanachoka wanaanza kutembea, na mtoto anayetembea hajifunzi. Na wakati wa maji hawafokei. Anauliza. "Ulipopokea pale, nyuma yako alikuwepo nani?" Mtoto akisema hajui, kocha anasema, "Haya, dakika nne zinazokuja ujue." Basi.

Mambo haya hakuyaota. Mwaka 1930 kule Montevideo, Uruguay, mwalimu aitwaye Juan Carlos Ceriani aliutunga mchezo wa watano kwa watano wa kuchezea ndani, ambao leo ni futsal, na Wabrazili wakaulea mpaka ukawatolea watu kama Ronaldinho. Mpira wake ni mdogo na haudundi sana, yaani babu yake ni soksi, mtake msitake. Waholanzi waliishikia bango wanne kwa wanne tangu miaka ya 1980. Wabelgiji walipoyabadilisha mafunzo ya watoto wao mwanzoni mwa miaka ya 2000 walianzia kwenye timu ndogo ndogo, na mwaka 2018 wakawa wa tatu Kombe la Dunia, ingawa sitasema ni kwa sababu hiyo peke yake. Waingereza walipitisha mwaka 2012 kwamba wa chini ya miaka minane wacheze watano, wa chini ya kumi wacheze saba, wa chini ya kumi na miwili wacheze tisa. Wajerumani nao, wenye viwanja vya nyasi kila kijiji, kuanzia msimu wa 2024/25 waliamuru watoto wadogo kabisa wacheze wawili wawili na watatu watatu kwenye magoli manne madogo. Watu wanalipa wataalamu ili wawape watoto wao uchochoro. Sisi tunao, tunauonea aibu.

Wazazi walikuja juu. Kikao kilifanyika chini ya mwarobaini, baba mmoja akasimama: "Kocha, mwanangu atacheza lini mpira wa kweli?" Mwingine akataka kujua kombe liko wapi. Maana zamani, hata kama watoto walikuwa nyuki, tulikuwa na kombe moja la plastiki lililokaa juu ya friji ya mwenye duka. Kocha hakubishana. Aliwauliza wale akina baba kila mmoja alijifunzia wapi kupiga chenga. Walicheka, lakini hawakukubali, na watoto watano hatukuwaona tena.

Nami sitawauzia mbuzi kwenye gunia. Wanne kwa wanne haina kuotea, haina kona ya maana, haimfundishi mtu pasi ya mita arobaini wala mbio za kutoka boksi hadi boksi. Kipa hajifunzi ukipa. Kwa hiyo wenye miaka kumi na mitatu kwenda juu, Jumapili tunawatafutia uwanja wa shule tukiruhusiwa, wanacheza kumi na mmoja. Ninachobisha ni kumtupa mtoto wa darasa la tatu kwenye shamba la mita 325 halafu kumwita mvivu.

(Kwa wenzangu waandishi, kidogo tu. Nilirudi kwenye sura yangu ya harusi, ile yenye watu arobaini, nikawatoa wote uani nikabakiza wanne jikoni na sufuria moja la pilau. Kwa mara ya kwanza walianza kusema.)

Mwaka jana walikuja watu watatu na gari, wanachagua watoto wa timu moja yenye mdhamini. Waliwapanga mstari kwa urefu. Sisemi uongo, kwa urefu, kama magunia ya mkaa. Kisha wakawakodia uwanja mkubwa, 22 ndani, dakika ishirini, filimbi, wengine 22. Dogo akapelekwa winga. Aligusa mpira mara nne. Mara zote nne alimpita mtu, na mara zote nne wale watu walikuwa wanatazama katikati, walipokuwa wakigongana vigogo. Hakuchaguliwa. Njiani kurudi hakusema kitu mpaka tukavuka reli, akaniuliza, "Kaka, urefu unaota lini?"

Usiku ule mama mdogo aliniita barazani. "Mwanangu, mimi simkatazi. Lakini mwakani yuko darasa la saba, na hao wenye gari wameshamkataa. Huo mpira wenu utampa nini?" Nikamwambia shikamoo upya, maana sikuwa na jibu la kumpa mkubwa. Tukakubaliana hivi: siku za shule tuisheni, mpira Jumamosi na Jumapili tu, na mimi nimsomeshe Kiswahili bure. Nikakubali upesi kabla hajafikiria hesabu.

Dogo sasa ana miaka kumi na miwili. Urefu haujaota. Mabati yamesogea tena hatua nane tangu mfungo, viwanja vitatu vimekuwa viwili, na kocha ameandika barua ya tatu kwa mtaa, mwandiko wangu. Jumamosi iliyopita nilifungua kaunta buku kwa nyuma nianze kuhesabu miguso, Dogo akaja na maji mdomoni akanizuia. "Hiyo acha, kaka. Nihesabie mara ngapi naangalia nyuma kabla mpira haujanifikia."

Nilijaribu. Shingo yake ni ya kasi, anatupa jicho kushoto, kulia, mpira ndio huo, keshageuka, keshautoa. Nilifika kumi na saba, wa kiwanja cha pili wakafunga goli wakatukimbilia kushangilia, vumbi likatimka, nikapoteza hesabu.