Rangi gani kwa gari la mama?

Juma hili siandiki juu ya watoto wala masomo. Naandika juu ya rangi ya gari. Familia nyingi kati yetu zina gari moja la zamani linaloleta unga nyumbani, na siku ya kulipaka upya wanaoulizwa ni wanaume, hata kama pesa zimetoka katika likelemba ya mama.

Letu ni Corolla ya mwaka 1994 tuliyoachiwa na baba. Mdogo wangu anaiendesha taksi kati ya Bagira na Kadutu, na mapato yake yanalipa dawa za sukari za mama na masomo ya wadogo wawili. Rangi ilikuwa imekufa juu ya paa, kutu ilikuwa inakula milango kwa chini, na abiria walianza kupita wakapanda magari mengine. Tulikuwa na dolari 300, hakuna zaidi.

Fundi aliongea na mdogo wangu peke yake. Nilipouliza atatumia rangi ya namna gani, akanijibu: «Madame, itang'aa tu.» Lakini kung'aa kuna namna zake, na kila namna ina bei yake na taabu zake za mbele.

Iko rangi ya moja kwa moja: rangi na mng'ao viko pamoja katika kopo moja, unachanganya na dawa ya kukaza, unapuliza tabaka mbili au tatu, kazi imeisha. Ikififia kwa jua baada ya miaka, unaisugua kwa dawa ya kung'arisha na inarudi. Iko pia ya tabaka mbili: kwanza rangi yenyewe, ambayo ikikauka haina mng'ao wowote, halafu verni juu yake. Metalize nyingi mnazoziona zikimetameta barabarani huwa hivyo. Ni nzuri, sikatai. Lakini verni ya bei rahisi ikipigwa na jua inabanduka vipande vipande kama ngozi ya mtu mwenye upele, na hapo hakuna kusugua, ni kuanza upya. Siku hizi vijana wanapenda mati, isiyong'aa kabisa. Hiyo haisuguliwi: ukiisugua inaanza kung'aa mahali pamoja na kubaki na madoa. Kwa taksi inayooshwa kila jioni kwa brosi na matope ya Bukavu, ni kutupa pesa.

Kuna na wale wanaotumia rangi ya mafuta ya milango ya nyumba kwa sababu ni rahisi. Inakauka polepole, vumbi linanasa, na siku utakapotaka kuweka rangi ya kweli juu yake, inaweza kujikunja kama maziwa yaliyokatika.

Mdogo wangu alitaka metalize nyeusi. Nikamwambia apitishe mkono juu ya mlango wa nyuma, ule uliogongwa zamani. Mastiki haikulala sawa, na rangi nyeusi inayong'aa ni kama kioo, inaonyesha kila bonde. Nyeupe inaficha. Tena taksi inakwaruzwa kila mwezi. Rangi ya moja kwa moja unaweza kupaka mlango mmoja na usitambulikane sana, lakini metalize inabadilika kufuatana na namna fundi anavyoshika pistole, kwa hiyo mara nyingi lazima apulize hata kwenye mlango wa jirani ili zifanane. Hiyo ni pesa mara mbili.

Mama alisema jambo ambalo sisi wote hatukulifikiria: gari lilikuwa jeupe tangu mwanzo. Ukibadilisha rangi, ukifungua mlango au boneti unaona ile ya zamani, isipokuwa ulipe kupaka na ndani. Na karatasi za gari nazo lazima zifuate. Mdogo wangu alinuna siku mbili.

Kile tulichookoa tulikiweka katika matayarisho. Kutu ikwanguliwe mpaka chuma cheupe kionekane, halafu rangi ya kuzuia kutu, halafu mastiki nyembamba, halafu msasa mpaka mkono usihisi kitu. Mastiki isiachwe wazi kwenye mvua, inanyonya maji na kutu inarudi chini yake. Tulingojea mwezi wa saba, kiangazi, maana unyevu hewani unaharibu mng'ao.

Kitu kimoja sikukubali kabisa. Fundi alitaka kufanyia kazi katika parseli yetu ili tupunguze gharama. Watoto sita wanacheza pale, na jirani ana mimba. Dawa ya kukaza rangi ina isosianate, na mvuke wake unaweza kumletea pumu mtu ambaye hakuwa nayo. Kitambaa mdomoni hakiuzuii, hata kwa fundi mwenyewe. Vumbi la kusugua rangi za zamani nalo linaweza kuwa na risasi, kwa hiyo wasugue kwa maji, na nguo za kazi zisifuliwe pamoja na nepi. Tulilipa dolari 20 zaidi, kazi ikafanyikia kwake.

Gari lilirudi jeupe. Mwezi wa kwanza tuliliosha kwa maji matupu na kitambaa laini, ili rangi ikomae. Rangi iliyobaki, ile ambayo haijachanganywa na dawa, tumeifunga katika chupa ya kioo, namba yake imeandikwa juu, na mama ameiweka juu ya kabati lake. Pikipiki ya kwanza itakapogusa mlango, tunajua pa kuanzia.