Fue: alikuwa, au alikwenda?

Haya wadau, nimeadimika lakini nipo. Wiki mbili hizi ni madesa, kazi za vikundi na foleni ya fotokopi, blogu ikabaki yatima. Leo nina dakika chache kabla umeme haujafanya mambo yake, acha niwasimulie neno moja la Kihispania lililonikalia kichwani.

Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua najisomea Kihispania mwenyewe tangu mwaka wa kwanza. (Msiniulize kitanisaidia nini mtu wa kufundisha Kiswahili na Historia, mama ameshauliza vya kutosha.) Wakati uliopo hauna shida sana. Balaa ni wakati uliopita, hasa hii "fue".

Wenzetu wana kitenzi "ser", kuwa, na kingine "ir", kwenda. Ukivipeleka kwenye wakati uliopita wa jambo lililokwisha, vyote viwili vinavaa sare moja: fui, fuiste, fue, fuimos, fuisteis, fueron. Herufi kwa herufi! Kwa hiyo "fue" ni alikuwa, na "fue" hiyohiyo ni alikwenda. Mwenzangu wa chumbani aliponisikia nakariri akadhani namkumbusha zamu yake ya kufua.

Sasa wenyewe wanaelewanaje? Wanamtazama jirani wa neno. "Fue maestra": imefuatwa na kazi ya mtu, basi alikuwa mwalimu. "Fue a la escuela": ile "a" ndiyo inayoonyesha njia, alikwenda shule. "La iglesia fue construida", kanisa lilijengwa, hapo inasaidia tu kusema jambo limetendwa. Na "la fiesta fue en Malabo", sherehe ilifanyika Malabo. Sisi tunaosema "alipanda" bila kueleza ni mti au mahindi hatuna haki ya kuwacheka.

Chanzo ni Kilatini. Kule "fui" ilikuwa mali ya kitenzi cha kuwa, na cha kwenda, "ire", kilikuwa na umbo lake. Kilatini kilivyozidi kugeuka Kihispania, kwenda kikaliacha la kwake kikaazima la mwenzake. (Ni mwombaji mzoefu huyo. Hata "voy", naenda, kaitoa kwa kitenzi kingine, "vadere".) Nilishangaa siku moja tu, halafu nikajisikia mwenyewe koridoni nikimwambia mtu, "Wikiendi nilikuwa Morogoro." Akaelewa kwamba nilikwenda nikarudi. Kama ulikuwa mahali, basi ulikwenda. (Kwa sentensi hiyo Mhispania angetumia "estuve", kitenzi cha tatu, hicho tukiache leo kwa amani.)

Sasa Jumanne nikapata ujumbe. Nina rafiki wa mtandaoni huko Malabo, Guinea ya Ikweta, nchi iliyotawaliwa na Hispania hadi 1968 na ambayo Kihispania ni lugha rasmi mpaka leo. Naye anasomea ualimu. Nilikuwa nimemuuliza kwa nini alichagua kazi hii. Akajibu sentensi mbili: "Mi madre fue maestra. Se nos fue en 2021."

Fue mbili, mstari mmoja.

Ya kwanza rahisi, mama yake alikuwa mwalimu. Ya pili sasa. "Se fue" peke yake ni aliondoka: kahama, kasafiri, kaachana na baba, lolote. Nikakaa na simu mkononi, maana jibu la mtu aliyehamiwa na jibu la mtu aliyefiwa hayafanani hata kidogo. Kilichonifungulia mlango ni hiyo "nos", yaani sisi. Jamani, nani kwetu hajui "ametutoka"? Ni ileile -tu- katikati ya kitenzi, ya wale waliobaki. Wao nao huisema hivyo kwa aliyefariki.

Ndipo nikairudia fue ya kwanza nikaona nayo ina uzito. Angeweza kusema "era maestra", nayo ni alikuwa mwalimu, lakini hiyo ni ya kueleza hali ilivyokuwa enzi hizo, kama vile uko katikati ya habari. Fue inaitazama kazi yote mwanzo hadi mwisho, na mlango umefungwa.

Nikamwandikia "te acompaño en el sentimiento", pole yao ya msiba, ni kama kusema niko nawe katika machungu haya. Nikaongeza "pole sana dada" kwa Kiswahili na kumfafanulia, pamoja na ile "ametutoka" yetu. Kisha nikamuomba, kama hataona vibaya, anisimulie kidogo kuhusu mama.

Akajibu usiku uleule, ujumbe mrefu. Hamna fue hata moja. Era alta. Era seria. Siempre llegaba la primera. Alikuwa mrefu, si mtu wa mzaha, kila siku yeye ndiye wa kwanza kufika shuleni. Nimeusoma mara tatu.

Haya, maji yametoka, ngoja nikakinge.