Ndege za Ng'ambo ya Rusizi

Mtu wa Uvira, Kongo, akitaka kupanda ndege, kwanza anavuka mpaka kuingia Burundi. Mji umebanwa kati ya milima ya Mitumba na Ziwa Tanganyika. Nyumba zimefuatana na barabara kuu kutoka Kalundu penye bandari hadi Kavimvira penye forodha, na kiwanja cha kupokea ndege kubwa hakuna. Kavumu, kiwanja cha Bukavu, kiko mbali huko juu milimani, na Februari 2025 kilitekwa na waasi wa M23. Basi siku mpaka ukiwa wazi, watu wanagonga muhuri Kavimvira, wanapita Gatumba kwenye tambarare ambayo ziwa na mto Rusizi vimeifurikia mara kwa mara miaka hii, na kabla hawajaingia Bujumbura mjini wanaziona paa za duara za jengo la abiria la kiwanja cha ndege. Njia ya kurukia ina urefu wa mita 3,600, kwa hiyo hata Airbus A330 inayotoka Brussels inashuka bila taabu.

Lakini A330 si ndege ya kila siku ya pwani hii. Zinazobeba watu wetu ni ndogo, na ndizo nilizokuwa nikizilinganisha katika daftari langu.

Embraer 190 ya Kenya Airways, inayokwenda Nairobi, imetengenezwa Brazil. Viti vimepangwa viwili upande huu, viwili upande ule. Mama mmoja wa Uvira anayefuata vitenge Dubai aliniambia tukiwa kwenye foleni, "Mi napenda ile ya viti mbili-mbili, hakuna mutu wa katikati." Sijasikia maelezo bora zaidi ya kilichoipa Embraer soko lake. CRJ900 ya Uganda Airlines, inayokwenda Entebbe, ina mpangilio huohuo, ila imetokana na ndege ya matajiri ya kampuni ya Bombardier ya Kanada, na mwili wake umebaki mwembamba. Madirisha yako chini, inabidi uinamishe shingo kuyaona mawingu, na begi la magurudumu unaliacha mlangoni likawekwe chini na mizigo.

Ninayoipenda mimi ni Dash 8 Q400 ya Air Tanzania, ya Kanada pia. Mabawa yako juu ya madirisha, kwa hiyo hayakuzibii kitu. Ukikaa usawa wa injini unayaona mapanga sita ya rafadha yakizunguka mpaka yanapotea machoni, kisha magurudumu yanajikunja na kuingia ndani ya tumbo la injini, milango yake midogo inafunga. Ikiruka juu ya ziwa, milima ya Kongo yote iko mbele yako, na Uvira ni mstari mwembamba wa mabati chini yake. Isitoshe, kwa masafa mafupi ndege ya rafadha inakula mafuta kidogo kuliko jeti, na haidai njia ndefu ya kurukia.

Sasa, ukiwauliza watu kuhusu ushindani wa watengenezaji wa ndege, watakutajia Boeing na Airbus. Ni kweli, na vita vyao vimetufikia kwa uchungu. Airbus ilipotangaza A320neo Desemba 2010, Boeing iliharakisha jibu lake, 737 MAX, badala ya kubuni ndege mpya. Tarehe 10 Machi 2019 MAX ya Ethiopian Airlines ilianguka dakika chache baada ya kuondoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Walikufa watu wote 157, wakiwemo Wakenya 32. Nyingine ya aina hiyo ilikuwa imeanguka Indonesia miezi michache kabla. Haraka ya kumfukuzia mshindani iligharimu roho za watu, na hilo lazima lisemwe waziwazi.

Hata hivyo, kwa abiria wa Uvira kuna sura nyingine ya vita hivyo isiyosemwa sana. Bombardier ilithubutu kuingia uwanja wa wakubwa kwa ndege iliyoitwa C Series. Mwaka 2016 Delta ya Marekani iliagiza 75. Mwaka 2017 Boeing ikaenda kushitaki, na serikali ya Marekani ikapendekeza ushuru wa karibu asilimia 300. Januari 2018 tume ya biashara ya hukohuko ikaitupa kesi, lakini Bombardier ilikuwa imekwisha kuelemewa. Ilikuwa imekubali kuwapa Airbus sehemu kubwa ya mradi, bila Airbus kuilipia bei yoyote ya maana, na Julai 2018 C Series ikabadilishwa jina kuwa A220. Tanzania ilikuwa imeagiza zake kwa Bombardier. Desemba 2018 ya kwanza ilipotua Dar es Salaam, ilikuwa Airbus.

Baada ya hapo Bombardier iliuza vilivyobaki. Mradi wa Q400 ulikwenda kwa De Havilland Canada mwaka 2019, na mwaka 2021 utengenezaji ukasimama. CRJ ilinunuliwa na Mitsubishi ya Japani mwaka 2020, si kwa kuendelea kuiunda bali kwa kuzihudumia zilizopo. Embraer nayo ilikuwa imekubaliana kuungana na Boeing, na Aprili 2020 Boeing ikajitoa. Kongo yenyewe imo katika hadithi hii: Congo Airways iliagiza Embraer mwaka 2019, mwaka uliofuata ikabadili ikataka E190-E2, na hazikufika. Shirika jipya la Air Congo, la ubia na Ethiopian, lilianza Desemba 2024 kwa Boeing 737-800.

Kwa hiyo angalau mbili kati ya ndege tatu za daftari langu haziundwi tena. Zitaendelea kuruka, maana ndege ikitunzwa huishi miaka mingi, lakini kila mwaka vipuri vitatafutwa kwa mbali zaidi na kwa bei kubwa zaidi, na nauli itayabeba hayo. Hata ndege mpya ina gharama zake, na Tanzania imekwisha kuzionja: mwaka 2022 A220 zake zililazimika kusimama kwa sababu ya matatizo ya injini.

Nchi zinazopakana na ziwa hili zinahitaji ndege ya watu sabini, yenye rafadha, kwa Kalemie, Kigoma, Bujumbura na, siku amani ikirudi, Uvira. Nawasihi wanaosaini mikataba ya ndege wakae meza moja na kuagiza pamoja, aina moja, na karakana moja ya vipuri. Kila nchi ikienda peke yake, haina nguvu ya kubishania bei. Leo anayetaka ndege mpya ya namna hiyo kutoka viwanda vya Magharibi amebakiwa na mlango mmoja, ATR ya Toulouse, na nusu ya ATR ni mali ya Airbus.