Sina Njaa, Lakini Nitakula

Wacha nianze na aibu yangu, ndio tuongee vizuri.

Jumamosi ya Pasaka mwaka huu, saa saba usiku, shosho yangu alinikuta jikoni kwake Murang'a nimechuchumaa kando ya sufuria, nakula mukimo baridi kwa mkono. Yeye alikuwa na tochi. Mimi nilikuwa na mukimo mdomoni. Na mchana wa siku hiyo hiyo, mbele ya mashangazi na majirani, nilikuwa nimerudisha sahani yake na kumwambia, "Asante shosho, lakini sina njaa."

Aliniangalia kidogo, akasema, "Kumbe mchana hukutaka kula na mimi, ulikuwa unangoja kula na panya." Akaniwekea kijiko mezani, akarudi kulala.

Nimefikiria hayo maneno kwa miezi mitano sasa. Na ndiyo maana leo nataka tuongelee hii sheria ambayo kila mtu anayepunguza uzito ameambiwa angalau mara moja: usile kama huna njaa.

Januari nilikuwa na kilo 88. Kazi yangu ni ya kukaa. Video ya dakika tatu unayoitazama ukiwa kwa matatu, mimi nimeikalia masaa saba nikiihariri. Ngazi za ghorofa ya tatu zilianza kunisumbua, suruali mbili zikakataa kufunga, nikasema basi, mwaka huu napungua. Sikuwa na pesa ya jimu wala ya vyakula vya supamaketi vyenye majina magumu. Kwa hivyo niliposikia kwamba siri ni kula tu ukisikia njaa, nilifurahi sana. Haina gharama. Tena ina akili: gari likiwa na tangi limejaa, nani anaingia petroli stesheni?

Na niseme ukweli, wiki tatu za kwanza ilifanya kazi. Nilishtuka kuona ni mara ngapi nilikuwa nakula bila njaa yoyote. Chai ya saa nne na mandazi mawili, kwa sababu saa nne imefika. Njugu kwa matatu, kwa sababu muuzaji ameingia na tuko kwa jam. Mutura jioni, kwa sababu nimepita hapo na moshi umenipata. Kumalizia chakula cha mtoto wa dadangu, kwa sababu "chakula hakitupwi." Hivi vyote niliviacha, nikashuka hadi kilo 85. Nikaanza hata kutoa mawaidha.

Halafu nikazidisha. Asubuhi huwa sina njaa, kwa hivyo nikaacha kiamsha kinywa kabisa. Mchana nikiwa kwa kazi pia sisikii njaa, nikaacha hiyo nayo. Mama wa kibanda akawa ananiuliza, "Leo tena huli? Ama umepata kibanda kingine?" Nami najibu kwa kiburi, "Sina njaa, mathe." Nilijiona nimeshinda mwili wangu.

Saa mbili usiku ndiyo ilikuwa inaleta hesabu. Njaa haikuja polepole, ilikuja kama mvua ya Aprili, mara moja na kwa nguvu. Naingia kwa kile kile kibanda, chapati nne na ndengu, soda juu yake. Nikifika nyumbani, mkate na siagi nikiwa nimesimama kwa friji. Hebu fikiria: kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina karibu kalori 120, na chapati hukandwa na mafuta kisha ikakaangwa na mafuta. Nne za hizo, na sijafika kwa ndengu wala soda. Nilichookoa kwa kutwa nzima nilikuwa nakirudisha kwa nusu saa, na nyongeza. Kufikia Pasaka nilikuwa nimerudi kilo 87. Na kitu kibaya zaidi, nilikuwa nimeanza kuogopa jioni.

Sasa ndio unaelewa ile sufuria ya Murang'a.

Mtu wa kwanza kunifungua macho alikuwa rafiki yangu wa Mombasa ambaye tunapanga naye nyumba moja hapa Nairobi. Wakati wa Ramadhani nilikuwa nikimsikia akiamka kabla ya alfajiri kula daku. Nilimuuliza kama kweli mtu anaweza kuwa na njaa saa kumi usiku. Akacheka. "Njaa? Hata macho hayajafunguka! Daku huliwi kwa sababu una njaa. Huliwa kwa sababu unaijua siku inayokuja." Uji, tende, maji, ama wali uliobaki jana, kidogo tu, kisha anaswali. Na jioni, wakati wa kufuturu, alikuwa anaanza na tende na maji bila haraka, wakati mimi ambaye sikufunga nilikuwa napasua chapati kama mtu aliyeokolewa kwa mgodi.

Yeye alikula bila njaa, na akabaki na amani. Mimi nilikataa kula bila njaa, nikaishia mtumwa wa saa mbili usiku.

Baadaye nikaanza kusoma kuhusu njaa yenyewe, na nikagundua nilikuwa nimeiamini kupita kiasi. Kuna homoni inaitwa ghrelini, ambayo watafiti wa Japani waliitambulisha mwaka wa 1999. Hutoka sana sana tumboni, na hupanda kabla ya saa ambazo umezoea kula. Yaani sehemu ya ile unayoita njaa ni mazoea, ni saa ya mwili imelia. Ukizoea kula saa mbili usiku pekee, mwili unajifunza kulia saa mbili usiku. Kwa hivyo nilipokuwa nikisema asubuhi sina njaa, nilidhani mwili unaniambia hauhitaji chakula. Pengine ulikuwa unaniambia tu kwamba nimeufundisha kungoja usiku.

Kitu cha pili kilinishtua zaidi. Kuna utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka wa 2011. Walichukua watu 50 wenye uzito mkubwa, wakawaweka kwa dayati kali ya wiki 10, wakapungua. Mwaka mmoja baadaye wakawapima tena. Homoni zinazoleta njaa na shibe zilikuwa bado hazijarudi zilivyokuwa mwanzo, na watu wenyewe walisema bado wana njaa kuliko kabla ya dayati. Ukipungua, mwili unafikiri kuna janga, na unapiga kengele kwa muda mrefu.

Kwa hivyo mtu anayepunguza uzito anaambiwa afuate njaa wakati ule ule ambao njaa yake imevurugika. Kuna siku itakudanganya kwamba hauhitaji kitu, na kuna siku itakudanganya kwamba unahitaji sufuria nzima. Iheshimu, lakini usiipatie funguo zote za nyumba.

Msimamo wangu leo ni huu. Kuna kula bila njaa kwa aina mbili, na tumekuwa tukizichanganya. Aina ya kwanza ni kula kwa sababu chakula kimejitokeza: njugu za matatu, mandazi ya ofisini, keki ya siku ya kuzaliwa ya mtu ambaye hata humjui jina. Hapo wale wenye sheria yao wako sawa kabisa, achana nayo. Aina ya pili ni kula kwa sababu saa imefika na ulipanga. Hiyo ndiyo natetea. Ukila kidogo saa saba mchana bila njaa, unamsaidia yule mtu utakayekuwa saa mbili usiku. Anakuhitaji sana huyo mtu, na huwa hana akili nyingi.

Mimi sai nafanya hivi. Asubuhi, mayai mawili ama nduma vipande viwili, na chai bila sukari (hiyo ya sukari ndiyo iliniuma zaidi, sitadanganya). Saa saba, bakuli la githeri lenye maharagwe mengi kuliko mahindi, na avokado kama msimu uko. Saa moja jioni, ugali wa ukubwa wa ngumi yangu, managu ama sukuma ya kujaza nusu ya sahani, na omena ama yai. Nikiwa sina njaa kabisa, napunguza kiasi, lakini siruki. Mwezi wa kwanza nilikuwa nakula asubuhi kama mtu anayemeza dawa. Kufikia mwezi wa pili, nilianza kuamka na njaa. Sikuamini. Na ile njaa ya usiku ikapoa yenyewe, bila vita.

Leo niko kilo 82. Sio muujiza, ni kilo tano tangu Pasaka. Lakini sijawahi tena kusimama kwa friji gizani.

Najua kuna mtu atasema, "Mimi huruka asubuhi miaka yote na siko hivyo." Sawa kabisa. Kama unaruka na jioni unakula sahani moja ya kawaida na kulala, mwili wako na wewe mmeelewana, usijilazimishe kwa sababu yangu. Kipimo ni kile kinachofuata. Jiulize ulivyokula jana usiku, siyo ulivyokosa kula jana asubuhi. Na kama una kisukari na unatumia insulini ama dawa za kushusha sukari, usiruke mlo kwa sababu ya maneno ya mtu yeyote wa mitandaoni, nikiwemo mimi. Sukari inaweza kushuka hadi ikakuangusha. Ongea na daktari wako kwanza.

Lakini bado sijamaliza na shosho.

Asubuhi ile ya Pasaka, baada ya aibu ya usiku, nilienda kumsaidia kuchambua maharagwe. Sikujua nianzie wapi. Yeye ndiye alianza, na hakuniongelesha kuhusu mukimo. Alinihadithia mwaka wa 1984, mvua zilipokataa, serikali ikaagiza mahindi ya manjano kutoka nje, na watu wakapanga foleni. Alikuwa na watoto watano. Alisema siku nyingi alikuwa anawapakulia, halafu anakaa kando na kikombe cha chai ya rangi. Wakimuuliza mbona hali, anawajibu, "Sina njaa."

Akaendelea kuchambua maharagwe. Mimi nikanyamaza kabisa.

Maneno ni yale yale mawili. Kwake yalikuwa uongo wa mama ili watoto wale. Kwangu yalikuwa ujanja wa mtu ambaye chakula hakijawahi kumkosa. Na nilikuwa nimemrudishia usoni, mbele ya watu, chakula alichoamka alfajiri kuponda: viazi, mahindi na majani ya malenge, kwa mikono ya miaka 79. Kwao kumpakulia mtu ni njia ya kumwambia kwamba umefurahi amefika. Hakuwa anauliza hali ya tumbo langu.

Kwa hivyo nimeongeza sababu ya tatu ya kula bila njaa, na hii haiko kwa kitabu chochote cha dayati: kula na mtu. Haitokei kila siku. Kwangu hutokea kama mara moja kwa mwezi, na sahani moja ya mukimo kwa mwezi haijanenepesha mtu. Kilichoninenepesha ni yale mandazi ya kila siku ambayo hata sikumbuki ladha yake.

Mwezi wa nane nilirudi Murang'a. Nilikuwa nimekunywa chai nzito safarini na njaa sikuwa nayo. Shosho akachukua mwiko, akaanza kurundika mukimo kwa sahani jinsi anavyojua yeye. Nikamwambia, "Shosho, nipatie nusu. Lakini nitaimaliza, na nitakula hapa na wewe."

Akasimamisha mwiko, akanikagua juu mpaka chini. "Umekonda," akasema, na kwa sauti yake hiyo haikuwa sifa. Halafu akapakua nusu. Nusu ya shosho, lakini, ambayo mnajua ni robo tatu. Akaketi na yake, tukala polepole, akinihadithia ni nani ameoa na ni nani amekataa kuoa.

Usiku huo nililala mpaka asubuhi. Nilipoamka nikapita jikoni, nikakuta sufuria iko juu ya meza, imefunikwa, na kijiko kiko juu ya kifuniko.